Mwanafunzi anadisko (anaondolewa chuo kwa kufeli), menejimenti ya chuo haidisko: tujadili vyuo vyetu vya Nyanda za Juu Kusini

Karani wa Pepa:

Wakuu, kwema?

Kila matokeo ya semista yanapotoka wimbo ni ule ule: vijana wa siku hizi hawasomi, bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) likiingia wanahamia Mwanjelwa, simu, mikeka ya kubeti, mapenzi. Mimi nipo ofisi ya mitihani ya chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini (jina la chuo nabaki nalo, nina watoto wanaosubiri ada). Karatasi zinapita mikononi mwangu kabla matokeo hayajapanda SARIS (mfumo wa matokeo wa chuo). Ninachokiona ni kwamba sapu (mitihani ya marudio) nyingi hazitungwi geto kwa mwanafunzi, zinatungwa kwenye korido ya utawala.

Nianze na CA (alama za testi na kazi za ndani ya semista), maana hapo ndipo uongozi wa chuo unapovuliwa nguo.

Vyuo vingi CA ni 40 na UE (mtihani wa mwisho wa semista) ni 60. Ukiwa na CA ya 12, ili ufike 40 ya kufaulu unahitaji 28 kwenye UE, karibu nusu ya mtihani mzima. Ukiwa na 26 unahitaji 14 tu. Mwenye masomo sita na siku chache za kujiandaa lazima ajue lipi alikeshee na lipi alipitie juu juu. Sasa huyu anaingia chumba cha mtihani hajui kama ana 12 au 26, kwa sababu testi ya katikati ya semista haijarudi. Anagawa nguvu kwa kubahatisha. Akishikwa (akifeli somo), tunasema hakusoma.

Nimewahi kupokea boksi la karatasi za A4 limejaa vitabu vya majibu ya testi, limefungwa kamba ya katani, wakati UE ya somo hilo hilo imeshafanyika. Juu ya boksi kumeandikwa kwa kalamu nyekundu "CA - HARAKA". Haraka ya nani tena? Nikafungua cha juu kabisa. Swali la takwimu: binti kapanga jedwali lake vizuri, kapata wastani, kapata tofauti, kaziinua kipeo cha pili, kajumlisha, kagawa, halafu kasahau kutoa kipeuo cha pili mwishoni. Kosa moja. Mstari mmoja wa kalamu nyekundu ungemtosha. Nikatafuta kitabu chake cha UE, kosa ni lile lile, pamekatwa alama zile zile.

Mtasema mhadhiri mvivu. Hapana. Yule mwalimu nilimwona semista nzima anatembea na mkoba kama mtu wa bima. Alikuwa na masomo manne, moja wapo la ukumbi mzima linalochanganya programu tatu, na hana mkufunzi msaidizi hata mmoja. Nani alipanga mwalimu mmoja asahihishe ukumbi mzima peke yake? Nani aliamua tudahili wengi kuliko mwaka uliopita bila kuangalia idara ina watu wangapi? Hayo maswali hayafiki kwenye kikao cha matokeo. Kikao cha matokeo kinasoma majina ya waliodisko.

Sasa tuangalie tulikotoka, maana kuna sababu. Vyuo vyetu vingi huku vilizaliwa vikiwa kitu kingine. MUST pale Mbeya kilikuwa chuo cha ufundi tangu 1986, kikawa taasisi ya sayansi na teknolojia 2005, kikawa chuo kikuu 2012. Mkwawa Iringa ilikuwa sekondari, 2005 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa sababu sekondari zilikuwa zinaongezeka kwa kasi chini ya MMES (mpango wa serikali wa kuendeleza sekondari) na walimu hawatoshi. Wakatoliki wana RUCU Iringa na CUoM Mbeya, Wamoravian wana TEKU, Walutheri wana Chuo Kikuu cha Iringa, Mzumbe wana kampasi Mbeya, TIA (Taasisi ya Uhasibu) wapo. Ukihesabu, ndani ya miaka kama ishirini tumebadilisha vibao vya mageti kila kona. Kibao unakipaka rangi kwa siku moja. Mtu wa PhD anachukua miaka, na akirudi nayo Dar au Dodoma wanamvizia stendi.

Halafu kuna hili la kibali cha ajira. Kwenye vyuo vya umma, ili uwe mhadhiri msaidizi unatakiwa uwe na GPA (wastani wa alama) ya 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Sawa, nakubaliana, hatutaki kila mtu. Lakini chuo hakiajiri kwa kutamani, kinasubiri kibali na mchakato wa Sekretarieti ya Ajira. Wanafunzi hawasubiri kibali, wao Oktoba au Novemba wanaingia. Pengo linazibwa na mhadhiri wa muda au na TA (mkufunzi msaidizi). Na TA kwa muundo wake kazi yake ni kusaidia semina na vitendo, ila nyie mliosoma mnajua nani alikuwa anasimama mbele wiki zote kumi na tano.

Mwaka 2017 TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na vyuo vingine vikafungiwa kozi baadhi. Watu walilia. Mimi nilisema afadhali, kwa sababu kwa mara ya kwanza mwenye kiti alibanwa badala ya mwenye dawati.

Jambo la mwisho halafu niwaachie. Chuo kina manaibu wawili wa Makamu Mkuu: wa taaluma, na wa mipango, fedha na utawala. Wa kwanza anataka matokeo kwa wakati. Wa pili ndiye anayeshika malipo ya mhadhiri wa muda, wino wa printa, mafuta ya jenereta. Hawa wawili wakiwa hawaongei, mwanafunzi wa mwaka wa pili anapata sapu. Nimeona hiyo kwa macho yangu.

Naomba kuwasilisha.


Mnyalu wa Kihesa:

Kamwene wadau. Mkuu, umeandika vizuri ila unawadekeza hawa watoto. Mimi nimefundisha hadi nimestaafu. Darasa hilo hilo, mhadhiri huyo huyo, testi hiyo hiyo haikurudi, kuna mtu ana GPA ya 4.5. Huyo alirudishiwa CA na malaika? Wanafunzi hawafiki maktaba. Pita vimbweta (meza za nje za kusomea) saa tatu usiku uone wanafanya nini. Mwisho wa semista wanatafuta madesa (notisi za kunakili) na pasti pepa, wanakariri majibu, mhadhiri akigeuza swali kidogo tu ukumbi mzima unaangalia dari.


Karani wa Pepa:

Shikamoo mzee. Wavivu wapo, nawajua hadi kwa namba za usajili. Ila nikuonyeshe mvivu anavyoonekana kwenye karatasi: mvivu anashikwa masomo matatu, manne. Akishikwa, anashikwa kotekote. Sasa ukikuta nusu ya darasa wameshikwa somo moja, na hao hao masomo mengine matano wana B na B+, uvivu gani huo unaochagua somo? Hapo kuna kitu kimetokea kwenye hilo somo. Aidha mwalimu alikuja wiki ya nane, au alibadilishwa katikati, au mtihani ulitungwa kwa mtaala wa mwaka juzi. Na huyo wa 4.5 atafaulu hata ukimfundishia gizani. Chuo hakipimwi kwa huyo, kinapimwa kwa yule wa katikati, ambaye 2.6 yake ingeweza kuwa 3.2 na akaomba kazi kama binadamu wengine.


Ticha wa Basi:

Nimesoma uzi huu nikacheka peke yangu, abiria mwenzangu kaniangalia. Mimi ndiye mhadhiri wa muda mnayemsema. Naandika hapa tumesimama Makambako watu wanakula.

Ngoja niwape upande wa pili. Nina ajira ya kudumu mji mmoja, nafundisha kwa muda mji mwingine. Somo la semista nzima nalimwaga kwa wikiendi chache, Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Jumamosi baada ya chakula hakuna anayeelewa kitu, mimi mwenyewe sijielewi. Siyo ualimu huo, ni kushusha mzigo.

Kuhusu boksi na kamba ya katani: mnajua kwa nini mhadhiri wa muda anakaa na karatasi? Malipo yetu ni kwa saa, na fomu ya madai inaanzia kwa mkuu wa idara, inaenda kwa mkuu wa kitivo, uthibiti ubora, mhasibu, inarudi kwa sababu saini moja imepita nje ya kisanduku, inaanza upya. Kuna sehemu nilipeleka alama zote kwa wakati kama mtu mwema. Baada ya hapo simu yangu haikupokelewa tena na mtu yeyote wa uhasibu hadi semista iliyofuata walipohitaji kipindi kifundishwe. Wenzangu wakaniambia, ticha, karatasi ndiyo dhamana yako. Mwanafunzi anaumia, najua. Lakini nauli ya basi sikopeshwi.

Kwa hiyo mtu akiniambia "ubora wa wahadhiri" namuuliza, ubora upi? Mimi ni yule yule. Kule nilikoajiriwa nina ofisi, nina saa za kuonana na wanafunzi, nasahihisha ndani ya wiki mbili. Huku kwa muda nasahihishia kwenye siti ya dirishani. Mtu mmoja, ubora mara mbili.


Mnyalu wa Kihesa:

Ticha hapo kwenye fomu umenigusa. Enzi zetu ilikuwa hivyo hivyo, nikadhani mambo ya kompyuta yamemaliza. Ila kushikilia karatasi za watoto bado siyo sawa.


Kimbweta Namba Tatu:

Niko mwaka wa pili, Mbeya. Nawasalimu wakubwa zangu wote.

Mzee anasema hatufiki maktaba. Maktaba yetu ina viti vya watu wachache kuliko darasa langu moja, na mwezi wa Juni baridi ya huku ukikaa kimbweta hadi saa nne kalamu haishikiki. Tunasomea geto watu wanne kwenye feni ya... samahani, Mbeya hakuna feni, kwenye jiko la mkaa, mlango wazi.

Kuna somo tunafundishwa na TA. Siyo mbaya, kijana mwenzetu, anaelewa. Shida ni moja: ukimuuliza swali nje ya slaidi anasema "hilo mtamuuliza dokta". Dokta hatujawahi kumwona. Jina lake liko kwenye mtaala na kwenye mlango wa ofisi.

Kitu ambacho Karani hajakisema: CA zikichelewa, matokeo yanachelewa. Matokeo yakichelewa, Seneti inachelewa kuyapitisha, na Bodi ya Mikopo haiwezi kumpa bumu anayeendelea na masomo bila chuo kupeleka matokeo yake. Bumu ni 10,000 kwa siku. Likichelewa mimi nakula kwa mkopo kwa mama ntilie wa Iyunga na nikiwa darasani nawaza nitapita njia gani asinione. Sasa hiyo siyo menejimenti kuingia kwenye GPA yangu?


Karani wa Pepa:

Mdogo wangu umeongea kuliko mimi. Mnyororo ni huo huo: saini ya mhasibu, karatasi za Ticha, CA, matokeo, Seneti, bumu, sahani ya wali. Na mwanzoni mwake yupo mtu ambaye hajui hata rangi ya ukumbi mnaofundishiwa.


Nondo Kavu:

Wadau, mimi nasoma uzamili ya elimu, ngoja niongeze kitu kuhusu huo "ubora wa mhadhiri" maana tunaupima vibaya sana.

Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, Colorado, kule wanafunzi hawachagui mwalimu. Wanagawiwa kwa bahati nasibu, mtaala mmoja, mtihani mmoja. Watafiti wakafuatilia zaidi ya wanafunzi 10,000 na matokeo yakachapishwa 2010. Wakaangalia hesabu za mwaka wa kwanza, halafu masomo yanayofuata yanayotegemea hizo hesabu. Walimu wachanga wenye uzoefu mdogo ndio wanafunzi wao walipata alama za juu kwenye somo lenyewe, na ndio waliopendwa kwenye fomu za tathmini. Walimu wenye uzoefu na PhD, wanafunzi wao walipata alama za chini kidogo pale mwanzo, ila walifanya vizuri zaidi kwenye masomo ya mbele.

Sasa rudi huku kwetu. Mwisho wa semista tunajaza fomu ya kumpima mhadhiri. Nani anapata tano tano? Anayetoa "maeneo ya kusoma" wiki ya mwisho. Anayetubana tunamwita mkoloni. Menejimenti inachukua zile fomu, inakokotoa wastani, inamwandikia mkoloni barua. Matokeo yake kila mtu anajifunza kuwa mpole. Somo la kwanza A zinamwagika, mwaka wa tatu mtu hajui kusoma jedwali. Kwa hiyo Karani, hata hiyo hoja yako ya nusu ya darasa kushikwa somo moja ina mlango wa pili. Inawezekana hilo ndilo somo pekee lililofundishwa kweli.


Karani wa Pepa:

Nondo, hapo umenibana, na nakubali mlango huo upo. Njia ya kujua ni ile ile waliyotumia wao: angalia hao walioshikwa wakienda somo linalofuata wanafanyaje. Kumbukumbu zote zipo kwenye SARIS, ni suala la mtu kukaa chini na kuzisoma. Sijawahi kuombwa na mkuu yeyote nitoe ripoti ya namna hiyo. Naombwa idadi ya waliofaulu kwa ajili ya hotuba ya mahafali.

Na kupanda cheo nako kunategemea zaidi machapisho. Mhadhiri akisahihisha testi kwa wiki mbili na kuandika maoni kila kitabu, hakuna jarida litakalochapisha hayo maoni. Hivyo mwenye akili anaandika makala.


Mama Mbao:

Hamjambo wanangu. Mimi nipo Mafinga, nauza mbao, sikusoma chuo. Binti yangu kamaliza kidato cha sita, ana alama za kuingia. Nimesoma yote haya nimeogopa. Kila chuo kina majengo mazuri na gari lenye spika linapita mtaani kutangaza. Mzazi kama mimi nitajuaje chuo ambacho watoto wanafundishwa kweli?


Karani wa Pepa:

Shikamoo mama. Usiogope, ila usiangalie majengo. Kuna mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021, vyuo vya umma vimejenga na kusomesha walimu, na MUST ni mojawapo. Jambo jema. Ila jengo linakatiwa utepe na waziri, CA haikatiwi utepe na mtu.

Chukua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, kinatoka kila mwaka. Angalia kozi anayotaka binti na idadi ya nafasi zake. Halafu siku moja panda gari mwende hadi chuoni, usiende ofisi ya udahili kwanza, hapo utapewa juisi. Nenda kwenye idara yenyewe uulize: mna walimu wangapi wa kudumu wa kozi hii? Wakianza kukutajia na wa muda, rudia swali kwa upole. Kisha tafuta wanafunzi wa mwaka wa pili, siyo wa kwanza, hao bado wana furaha, na siyo wa tatu, hao wanataka kuondoka tu. Waulize semista iliyopita CA zilibandikwa lini, kabla ya UE au baada. Wakicheka, mama, umepata jibu.


Mama Mbao:

Asante mwanangu. Swali hilo nimeliandika nyuma ya risiti.


Kimbweta Namba Tatu:

Kaka Karani, na sisi ambao tumeshaingia tufanye nini? UE zetu ziko karibu na kuna masomo mawili CA hazijatoka. Kila mtu anaogopa kuonekana mkorofi.


Ticha wa Basi:

Msimvamie mhadhiri. Akiwa wa muda ndiyo mtamkosa kabisa.


Karani wa Pepa:

Ticha yuko sahihi. CR (kiongozi wa darasa) aandike barua moja kwa niaba ya darasa, ukurasa mmoja. Aandike kwa mkuu wa idara, nakala kwa mratibu wa mitihani na ofisi ya uthibiti ubora. Asitaje jina la mhadhiri, aweke namba ya somo, tarehe ya testi na tarehe ya UE, basi. Barua yenye jina inageuka ugomvi wa watu wawili. Yenye tarehe inaingia kwenye ajenda, kwa sababu mkaguzi wa TCU akija siku moja, barua hiyo ipo kwenye faili.


Kimbweta Namba Tatu:

Na kama mkuu wa idara hayupo? Wetu yuko safari mwezi mzima.


Karani wa Pepa:

Mpeni katibu muhtasi wake. Hakikisheni anagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, na tarehe yake isomeke.